Ukuta wa Bafu Usikilizwe Kabla ya Kufunikwa
Hotuba kwa waashi, maseremala na mafundi wa bomba



Twataka kusema nanyi juu ya ukuta ulio baina ya bafu na chumba cha kulala. Kazi za kutengeneza nyumba za zamani ni nyingi, na lalamiko la wenye nyumba ni lile lile: maji yakifunguliwa usiku, waliolala huamka. Ndipo fundi huitwa kuvunja taili alizozibandika mwenyewe, na kazi hiyo ya pili mara nyingi hailipwi.

Kwanza tujue sauti hupita wapi. Hupita penye nafasi. Ukuta wa mawe uliopigwa plasta pande zote mbili ni mzuri sana. Lakini ukiachwa wazi sehemu 1 tu katika kila 100, hauwezi tena kupunguza sauti zaidi ya desibeli 20 hivi. Kwa hiyo kila tundu la bomba lizibwe, na ukuta ufike juu mpaka kwenye zege, usiishie kwenye dari.

Pili, bomba livishwe mpira kila linapopita ukutani au kushikwa kwa kibano. Likigusa jiwe au mbao, ukuta wote hulia kama ngoma.

Tatu, ukuta wa fremu na bodi ujazwe sufi ya mawe bila kuishindilia, kisha bodi ziwe mbili mbili kila upande. Upande wa bafu iwe bodi ya simiti, ikapakwe dawa ya kuzuia maji kabla ya taili. Lile povu jeupe jepesi tusilitumie hapa. Hufaa kuzuia joto, lakini kinachozuia sauti ni uzito, nalo halina uzito. Tena likiungua moshi wake ni sumu.

Sasa jambo letu wenyewe. Sufi hii huwasha ngozi, macho na koo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Si haki kutukata mshahara kwa kinyago au glavu. Na tukikuta bodi au dari ya zamani tunayoshuku kuwa ni asbesto, tusiikate wala kuivunja. Tusimamishe kazi, waitwe wenye leseni ya kuiondoa. Vumbi lake likiingia mapafuni, ugonjwa waweza kujitokeza baada ya miaka 20 au 40, wakati kontrakta amekwisha kusahau hata jina lako.

Ndugu zetu, kazi hii ikifunikwa na taili haionekani tena. Basi bei ya sufi, mpira na bodi iandikwe katika mapatano kabla ya kuanza, na mwenye nyumba aitwe kuutazama ukuta ungali wazi. Akiridhika, ndipo tuufunge.