Picha za Safari za Kwanza za Anga: Mali Bila Daftari

(Hotuba iliyotolewa na mhitimu wa shule hii katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya shughuli ninayoifanya baada ya saa za kazi, yaani kukusanya picha za zamani za safari za kwanza za binadamu katika anga za juu. Huenda baadhi yenu mnajiuliza mambo hayo ya Warusi na Wamarekani yanatuhusu nini sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini. Nitaanzia hapo.

Yuri Gagarin alikuwa mtu wa kwanza kwenda anga za juu, tarehe 12 Aprili, 1961, kwa safari ya dakika 108. Tarehe 20 Februari, 1962, Mmarekani John Glenn aliizunguka dunia mara tatu. Kwa kuwa dunia ni mviringo, kituo kimoja cha redio kisingeweza kumsikia njia nzima. Vilijengwa vituo vingi, kimoja Kano, Nijeria, na kingine Unguja. Glenn alipopita juu ya Afrika Mashariki, ni kituo cha Unguja kilichopokea sauti yake na taarifa za mwili wake. Baadhi ya wananchi walikipinga kituo hicho, wakihofu kuwa ni cha kijeshi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kilifungwa mwaka huo huo. Kwa hiyo historia hii ilipita kwetu.

Tena tumo katika picha zenyewe. Tarehe 7 Desemba, 1972, wanaanga wa Apollo 17 waliipiga picha dunia nzima wakiwa umbali wa karibu kilometa 29,000. Bara linaloonekana hapo ni Afrika, na mahali hapa tulipoketi pamo.

Picha za namna hiyo zilifika nchini zamani kwa njia ya balozi, maktaba na majarida. Nakala za rangi zilizotolewa na NASA miaka ile mara nyingi zina namba nyekundu kwenye ukingo mweupe, na nyuma yake maelezo na alama ya kiwanda cha karatasi. Mkusanyaji huanza kwa kuigeuza picha. Upande wa mbele siku hizi mtu yeyote anaweza kuupata bure. Upande wa nyuma haupatikani mahali pengine.

Nitoe mifano miwili. Mbeya nilipewa picha ya mwanaanga wa Apollo 11 akiwa Mwezini, iliyotoka katika sanduku la marehemu mwalimu mmoja. Nyuma ameandika kwa penseli: "Imeonyeshwa Darasa la VII, 1970." Watu wengi hudhani aliyemo ni Neil Armstrong, kumbe ni Buzz Aldrin; Armstrong ndiye aliyeshika kamera. Kwa maneno yale machache, picha iliyoenea duniani kote imekuwa ushahidi wa somo lililofundishwa katika mkoa wetu. Iringa nilipata nakala ya picha hiyo hiyo, lakini ilikuwa imebandikwa kwa gundi. Ilipobanduliwa, maandishi ya nyuma yalibaki kwenye albamu vipande vipande. Hakuna ajuaye ilikuwa ya nani wala ilifikaje huko.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyekuwa na miaka 20 Glenn alipopita sasa amevuka 80. Picha ikibaki bila maandishi na mzee akaondoka, hakuna ofisi wala mtambo utakaotujibu.

Baridi yetu ya nyanda za juu inasaidia, maana joto na unyevu wa pwani huharibu picha upesi. Lakini picha iliyotundikwa juani hupauka, moshi wa jikoni huitia ugaga, na mende hula ule utando wenye picha. Tieni kila picha katika bahasha ya karatasi, kisha katika sanduku kavu lililoinuliwa kutoka sakafuni. Msitumie gundi. Andikeni nyuma, kando kabisa, kwa penseli laini bila kukandamiza: nani, wapi, lini, na imetoka kwa nani.

Wahitimu wenzangu, nawaomba mpekue masanduku ya wazee wenu, si kwa picha za anga tu, bali na za shule hii. Ninyi wanafunzi, anzisheni daftari moja, mkae na wazee hao, muandike wanayoyasema wakiwa wameishika picha mkononi. Mimi nitaleta nakala za picha zangu pamoja na maandishi ya nyuma, ili daftari hilo lisianze tupu.