Kwa Nini Mtandao wa Kata Yetu Ulikatika

Mazungumzo ya Afisa Mawasiliano wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi wa kata



Nimekuja kueleza jambo mlilolilalamikia, nanyi mna haki. Mwezi uliopita mtandao usiotumia nyaya unaohudumia ofisi ya kata, kituo cha afya na shule ya sekondari ulikatika kwa siku mbili. Aliyefuata namba ya malipo ya leseni alirudi mikono mitupu. Katika kituo cha afya kumbukumbu ziliandikwa madaftarini, na kina mama waliokuja kliniki walikaa kwenye foleni hadi alasiri. Zikavuma habari kwamba mnara umepigwa radi, wengine wakasema bili haikulipwa. Mnara ni mzima na bili imelipwa. Vifaa vyetu ndivyo vilivyoacha kuelewana.

Mmeviona vile vifaa vyeupe vilivyofungwa darini. Hivyo ni virusha mawimbi, na vyote hupokea amri kutoka kifaa kimoja kilichopo makao makuu, kiitwacho kidhibiti. Ndani ya kila kimoja mna programu yenye namba ya toleo. Katika mfumo wa aina yetu, kirusha mawimbi kinapowashwa hujitambulisha kwa kidhibiti. Matoleo yakitofautiana, hupakua toleo la kidhibiti, hujizima na kujiwasha upya, kisha huanza kazi. Shida huja pale ambapo toleo jipya halikutengenezwa kwa ajili ya kifaa cha zamani. Kifaa hicho hukataliwa, nacho hubaki kimewasha taa bila kumhudumia mtu.

Ndivyo ilivyokuwa. Kidhibiti kiliwekewa toleo jipya usiku bila kwanza kulinganisha vifaa vya kata hii na orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na toleo hilo. Orodha hiyo hutolewa na mtengenezaji, na kuisoma kungechukua muda mfupi kuliko huu ninaozungumza. Kosa lilikuwa letu. Hata kurudisha toleo la awali kulichelewa, kwa kuwa nakala ya mipangilio tuliyokuwa nayo ilikuwa imepitwa na wakati.

Mzee mmoja ameniuliza pale mlangoni: kama toleo la zamani lilifanya kazi, kwa nini lisiachwe? Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alitangaza udhaifu katika WPA2, utaratibu wa usalama uliotumiwa na mitandao mingi ya Wi-Fi duniani. Mtu aliye karibu na mtandao angeweza kusoma baadhi ya yanayopita hewani. Dawa yake ilikuwa kuweka matoleo yaliyorekebishwa, hasa kwenye simu na kompyuta, na pia kwenye baadhi ya virusha mawimbi. Kifaa ambacho mtengenezaji ameacha kukitolea matoleo hakipati dawa ya namna hiyo, hata kikiwaka miaka kumi zaidi. Na katika mtandao wetu hupita habari za wagonjwa.

Kwa sasa vifaa vyote vimerudishwa kwenye toleo la mwisho linalokubaliwa na vya zamani na vipya pia. Ni muafaka wa muda, nami sifichi kwamba siupendi. Virusha mawimbi vya zamani vitabadilishwa kwanza, kuanzia kituo cha afya, ndipo toleo jipya liwekwe. Safari hii kifaa kimoja cha kila aina kitajaribiwa makao makuu kwa wiki nzima. Programu itatumwa mapema kwenye vifaa, navyo vitawashwa upya Jumamosi usiku, jenereta ikiwa tayari. Umeme ukikatika programu inapoandikwa, kifaa chaweza kuharibika.

Neno moja kwa wenye simu za zamani. Utaratibu mpya wa usalama, WPA3, ulianza kutolewa mwaka 2018, na simu nyingi zilizotangulia hapo haziujui. Tungeuweka huo peke yake, wengi waliopo hapa wangefungiwa nje. Tutatumia hali ya mpito inayopokea WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Simu yako ikigoma kujiunga hata hivyo, usikimbilie kulipa fundi. Fika ofisi ya kata ututajie aina yake.

Tarehe ya kazi itabandikwa ofisi ya kata na kituo cha afya siku saba kabla. Sasa nipo tayari kwa maswali.