Kutembea Vilimani Wakati wa Jua Kali



Nimeombwa niseme machache juu ya matembezi ya vilimani. Septemba iliyopita mimi na wenzangu watatu, wote watu wa ofisini, tulilala hemani juu ya kilima cha mawe karibu na Igombe, kisha tukarudi Mwanza mjini kwa miguu.

Miamba yetu hunywa jua mchana kutwa na kulitoa usiku. Blanketi tulizitafuta alfajiri tu. Tuliondoka saa kumi na mbili. Ilipofika saa tano jua lilitupiga kutoka juu, na mwamba ukatuchoma kutoka chini. Mwenzetu mmoja akaanza kuyumba, akataka kujitupa ziwani. Tulimzuia, tukamlaza chini ya mwembe, tukamlowesha kwa maji ya madumu yetu na kumnywesha kidogo kidogo mpaka akapata nguvu.

Kwa nini tulimzuia? Ziwa hili, lenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000, lina konokono kandokando yake wanaotoa vijidudu vya kichocho, na huvitoa zaidi mchana wa jua. Saa unayoyatamani maji kuliko zote ndiyo yenye hatari.

Basi, atakayewapeleka vijana vilimani awaondoe mapema, wabebe maji yaliyochemshwa, na saa sita iwakute kivulini. Kutembea ni afya, lakini afya hailindwi kwa ushujaa.