MGENI ANAHITAJI SOKO, SI KIBABA TU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi, Eldoret, mwezi wa Ramadhani)



Mwenyekiti, maustadhi wetu, baba zetu na mama zetu, na nyinyi vijana wenzangu. Mada niliyopewa ni wakimbizi na wajibu wa nchi tajiri. Kuna atakayeuliza, Eldoret na wakimbizi, wapi na wapi? Jamani, njia ya kwenda Kakuma inapita hapa hapa mjini. Tena mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uwanja wa maonyesho wa Eldoret ulijaa Wakenya waliofukuzwa makwao. Maelfu wengine walivuka mpaka wakaingia Uganda, na wako waliopelekwa hadi Kiryandongo. Kwa hivyo mkimbizi si Msomali au Msudani peke yake. Alikuwa jirani yetu.

Sasa turudi kwenye sira tuliyosoma madrasa. Mwaka 622 Muhajirina wengi walifika Madina mikono mitupu. Mtume (s.a.w.) akawaunga udugu na Ansari. Saad bin Rabii akamwambia Abdurrahman bin Auf achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko liko wapi. Akaanza kwa kuuza samli na jibini, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wa Madina. Hebu tazameni: mwenyeji alitoa kwa moyo, na soko lilikuwa wazi. Mali na soko. Nchi tajiri tuzipime kwa hayo mawili.

Kwanza mali. Takriban wakimbizi 7 katika kila 10 duniani wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kenya ina Dadaab tangu 1991 na Kakuma tangu 1992. Mwaka 2025 michango ya wafadhili ilipopungua, mgao wa chakula katika kambi hizo ulishuka chini ya theluthi moja ya kiwango kinachopendekezwa. Na huku Uingereza iliilipa Rwanda mamia ya mamilioni ya pauni kwa mpango wa 2022 wa kuwapeleka huko waomba hifadhi. Mpango ukafutwa 2024, na hakuna hata ndege moja ya kuwahamisha kwa nguvu iliyoruka. Yaani pesa zilikuwepo, ila zilitumika kufunga mlango.

Pili soko. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Watu waliokwisha kukaguliwa, wengine safari zimeshapangwa, wakaachwa njiani. Lakini tusiwe watu wa kulaumu tu. Kule Kanada, tangu 1978, wanafunzi wa vyuo huchanga pesa kidogo kidogo kupitia shirika la World University Service of Canada ili mkimbizi aje kusoma nao. Vijana wa Dadaab na Kakuma wamekwenda kwa njia hiyo. Wanaochanga ni wanafunzi kama sisi!

Matajiri husema, wakija wote tutawabeba vipi? Hoja hiyo ina uzito, na hakuna anayewataka wabebe wote. Wagawane idadi kwa haki. Walipe chakula cha kambini kwa wakati. Watoe nafasi za masomo na kazi kwa njia halali, ili kijana asijitose baharini Libya ndani ya mashua mbovu.

Na sisi je? Sheria yetu ya Wakimbizi ya 2021 inamfungulia mkimbizi mlango wa kufanya kazi, lakini wengi bado hawatoki kambini bila kibali. Uganda, kwa sheria yake ya 2006, inamruhusu kutembea na kujitafutia riziki. Uganda si tajiri kutushinda. Tukiinyoshea Ulaya kidole, tukumbuke vingine vinatutazama sisi.

Ndugu zangu, msafiri aliyekatikiwa ni mmoja katika mafungu manane ya zaka. Ramadhani hii tumtafute mgeni aliye karibu nasi, tufuturu naye, na akitaka kazi, tumwonyeshe soko.

Mwenyezi Mungu atukubalie funga zetu na awarudishe salama waliopotelewa na makwao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.