Tusingoje Bolti Ikatike

(Hotuba kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Free Area, Nakuru)



Tumekutana hapa Free Area, wengine tumetoka Naivasha, wengine Baringo, wengine ni wa hapa hapa Nakuru. Najua wako wasio na boti, wana pampu ya maji au kinu cha kusagia mahindi. Msiondoke, maana kutu haichagui mashine. Leo tunaizungumzia injini ya boti, ile inayofungwa nyuma, na bolti zake.

Kwanza tumjue adui. Mwili wa injini hii ni alumini, kama sufuria zetu. Bolti ni za chuma. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji, umeme mdogo hupita kati yake kama kwenye betri, na alumini inaliwa pole pole. Ule unga mweupe kando ya kichwa cha bolti ndio alama yake. Ukijaa kwenye meno, bolti inashikwa kama imechomelewa. Maji ya chumvi kule Mombasa hufanya kazi hiyo haraka. Maji matamu ya Naivasha na Baringo huchelewa, ndiyo sababu tunasahau. Na maji ya magadi, kama ya Bogoria, yanaila alumini yenyewe. Akina mama mnajua sufuria inavyokuwa nyeusi ukitia magadi kwenye githeri.

Mtauliza, bolti ni kitu gani? Mwaka 2020 maji yalipoingia nyumba za Kihoto kule Naivasha, na majengo ya Kampi ya Samaki kule Baringo, tuliona kwamba boti si ya samaki tu, hubeba watu na vyombo vyao. Na upepo wa Naivasha wa alasiri mnaujua, na viboko mnawajua. Bolti zinazoshika injini kwenye ubao wa nyuma zikikatika, injini inakwenda chini ya ziwa na mkopo unabaki juu. Hapo hatujataja maisha ya watu.

Basi tufanyeje?

Moja, tusilazimishe. Piga brashi ya waya, tia mafuta ya kulegeza kutu, acha yalale usiku mzima. Asubuhi gonga kichwa kidogo kidogo kwa nyundo. Tumia spana inayoingia sawasawa. Bolti ya milimita 6 kwa kawaida huchukua spana namba 10. Koleo hula kichwa. Kaza kidogo, kisha legeza, rudia hivyo hivyo. Ikikataa, peleka kwa fundi aipashe moto, tangi la petroli likiwa mbali kabisa.

Mbili, ikikatikia ndani, simama hapo. Usichokonoe kwa msumari. Mafundi wa jua kali wenye vifaa wataitoboa katikati na kuitoa, au watakata meno mapya. Ukiharibu tundu, gharama inapanda.

Tatu, nenda dukani na bolti ya zamani mkononi. Unene, urefu na meno viwe sawa. Bolti ndefu kupita kiasi inaweza kupasua alumini. Nunua ya stenlesi, lakini msidanganyike: hata stenlesi huila alumini ikigusana nayo. Kwa hiyo paka meno grisi ya boti, si ile yenye shaba, maana shaba huzidisha ubaya. Kwenye vifuniko, kaza kwa mfano wa msalaba, kidogo kidogo, upande huu na upande ule.

Nne, angalieni kile kipande cha metali laini kilichofungwa karibu na propela. Kimewekwa pale kiliwe badala ya injini. Msikipake rangi, kisije kikashindwa kazi yake. Kikibaki nusu, badilisheni. Baharini hutumika zinki. Kwa maji matamu ulizeni cha magnesiamu.

Sasa tufike kwenye neno gumu. Kazi hizi si ngumu. Shida ni kwamba injini ni ya wote, basi kila mtu anadhani mwenzake ameiangalia. Na siku ya kugawana pesa, ukitaja matengenezo, utasikia: "Si bado inanguruma? Tugawane kwanza." Jamani, injini hainyamazi siku bolti inapoanza kuliwa. Inanyamaza katikati ya ziwa.

Tunawaomba mambo matatu. Kila kikundi kichague mtu mmoja kwa jina, mwanamume au mwanamke, wa kukagua bolti kila Jumamosi. Akina mama wanaouza samaki wasiachiwe hesabu tu, hata spana wanaweza kushika. Ukaguzi uandikwe kwenye daftari na usomwe mkutanoni. Na mweka hazina atoe fungu la matengenezo kutoka kila safari, kabla ya kugawana, si baada.

Na hata bolti zote zikiwa mpya, msitoke bila makasia na maboya ya kuvaa.

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kihesabu bolti za injini yake na kutuletea jibu: ngapi nzima, ngapi zina unga mweupe, na nani anazitunza.