Mteremko Una Hesabu Yake: Mazungumzo kwa Waendeshaji Bodaboda



Barabara ya kutoka Wundanyi kushuka Mwatate inajulikana kwa kona zake kali. Mwendeshaji huishuka akiwa na abiria, au na gunia la mboga za sokoni. Wapo wanaotoa gia, wakazima injini na kuiacha pikipiki iteremke yenyewe ili waokoe mafuta. Hapo ndipo hesabu inapoanza.

Ikichukuliwa kwamba mteremko mmoja huokoa mililita 20 za petroli, mwendeshaji atateremka mara 50 ndipo apate lita moja. Kwa lita hiyo moja, atakuwa amehatarisha maisha yake na ya abiria mara 50.

Gia ikiwa imeingia, gurudumu hulazimika kuizungusha injini, na kazi hiyo huzuia mwendo. Gia ikitolewa, mzigo wote huangukia breki. Breki ikishikwa mfululizo hupata moto, na ikizidi moto hushika vibaya, hata ikibanwa kwa nguvu zote. Kanuni ni rahisi: gia inayofaa kupandia mlima ndiyo ya kuteremkia. Iingizwe kabla mteremko haujaanza.

Kuna pia wanaobadilisha sproketi ili pikipiki ikimbie zaidi. Sproketi ya mbele ikiwa na meno 15 na ya nyuma 45, gawanya 45 kwa 15, jibu ni 3. Ya nyuma ikiwekwa ya meno 39, jibu ni 2.6. Nguvu ya kupanda imepungua kwa takriban asilimia 13, na uwezo wa injini kuzuia pikipiki mteremkoni umepungua vilevile. Mwenye kubeba mizigo milimani hana faida hapo.

Hesabu ya mwisho ni ya mwendo. Kilomita 60 kwa saa, ukigawanya kwa 3.6, ni karibu mita 17 kila sekunde. Mbuzi akikatiza barabara, sekunde moja hupita kabla mkono haujagusa breki, na mita 17 zimekwisha. Kwa kilomita 30, ni mita 8 tu. Zaidi ya hapo, mwendo ukiwa maradufu, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huwa mara nne.

Kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, breki zijaribiwe na cheni ikaguliwe. Cheni ikikatika mteremkoni, injini haiwezi kusaidia tena. Sheria nayo inaruhusu abiria mmoja tu, na kofia ngumu kwa wote wawili.

Mama anayengoja mwanawe nyumbani hahesabu mililita za petroli. Anachotaka ni kusikia pikipiki ikiingia uani.