Ada ya Chama na Saini ya Mfanyakazi

Hotuba kwa wafanyakazi wa umma, Kitengela

Ndugu walimu, wauguzi na watumishi wa Kaunti ya Kajiado,

Tumeombwa tuzungumzie zile shilingi chache zinazokatwa kila mwezi kabla mshahara haujafika mkononi. Wengi wenu huzihesabu pamoja na kodi. Hizo si kodi: ni mali yenu, mliyokubali kukipa chama chenu.

Mwaka 1980 serikali ilikipiga marufuku chama cha watumishi wake. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kikaingizwa katika Katiba, nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Kifungu hicho kilipofutwa Desemba 1991 tulishangilia, tukidhani milango yote imefunguliwa. Kumbe karani wa serikali pale Kajiado angengoja hadi 2001 ndipo chama chake kisajiliwe upya. Tulikuwa na haki ya kuchagua wabunge wa vyama vingi, naye hakuwa na wa kumtetea kazini!

Leo Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inamlinda. Utaratibu wa makato umo katika Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 48. Chama humwomba Waziri wa Kazi amwamuru mwajiri akate ada. Lakini amri hiyo haitoshi. Mfanyakazi lazima atie saini Fomu S, na mwajiri akishaipokea ana siku 30 za kuanza kukata. Anayetaka kujiondoa humwandikia mwajiri. Kujiuzulu kwake huanza kutumika mwezi unaofuata, na mwajiri hukipelekea chama nakala ya barua hiyo.

Asiye mwanachama aweza kukatwa ada ya uwakilishi chini ya kifungu cha 49, iwapo ananufaika na mkataba wa pamoja na amri imetolewa. Ada hiyo isichanganywe na ada ya uanachama.

Hivi karibuni mfanyakazi mmoja wa hapa Kitengela alituletea hati zake za mshahara. Alikuwa akikatwa ada ya uanachama ya chama ambacho hakuwahi kujiunga nacho. Alipouliza, akajibiwa kwamba ni kosa la kompyuta. Tulimshauri aombe kwa maandishi nakala ya Fomu S yenye saini yake. Haikupatikana.

Upande wa pili una hatari kubwa zaidi. Anayekata ada ndiye mwajiri, na katika utumishi wa umma mwajiri ni mkono wa serikali. Katika mgogoro wa KNUT na Tume ya Kuwaajiri Walimu uliopamba moto mwaka 2019, chama kilichoanzishwa 1957 kilipoteza makato ya walimu wengi mno kwa muda mfupi. Chama kisicho na pesa hakiwezi kulipa hata nauli ya kwenda mahakamani.

Basi kila mmoja akague hati zake za miezi mitatu iliyopita: jina la chama, kiasi, na kama alitia saini. Mwenye shaka azilete; tutabaki hapa hadi jioni tuzisome pamoja.